Unga kwa Jirani Aliyefukuzwa

Msikilizaji, kuombea amani ni rahisi pale anayefukuzwa ni wa kwenu. Januari 2008, nchi ikiwaka baada ya uchaguzi, Kanisa la Friends, yaani Wakweka, lilipata mtihani mgumu zaidi. Waumini wake magharibi mwa Kenya wengi ni Waluhya. Waliojibanza kwenye vituo vya polisi, wengi walikuwa Wakikuyu. Hao ndio waliopelekewa chakula na blanketi. Sidhani kila jirani alipiga makofi. Mwishoni mwa mwezi huo viongozi wakakutana Kakamega, na timu za amani za kanisa hilo zikazaliwa.

Mlima Elgon, kaunti ya Bungoma ya leo, donda lilikuwa bichi zaidi. Tangu 2006 wapiganaji wa kundi la Sabaot Land Defence Force (SLDF) waliua na kukata watu masikio, kisa mashamba ya mradi wa makazi wa Chebyuk. Machi 2008 jeshi likaingia na Operesheni Okoa Maisha. Watetezi wa haki wakalishutumu kwa kutesa raia. Wakazi waliobaki, wa pande zote, ilibidi waendelee kukutana sokoni na kanisani.

Timu za amani za kanisa ziliwaketisha wakazi hao kwenye duara, katika warsha za siku tatu hivi: kwanza michezo na vicheko, mazito baadaye. Mpangilio huo naukubali kuliko mahubiri marefu.

Ila mchungaji hatoi hatimiliki. Chebyuk imegawanywa kwa awamu tangu 1971, na kila ugawaji uliacha watu nje. Faili la ardhi hiyo liko serikalini.