Mvua Haina Chama: Maoni ya Raia Kuhusu Siasa na Ardhi Yetu

(MUZIKI WA KIPINDI UNAPANDA, KISHA UNASHUKA TARATIBU)

MTANGAZAJI: Leo, katika sehemu yetu ya maoni ya raia, tunaye mwalimu wa shule ya msingi kutoka Kivu Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kama wengi wenu, sasa anaishi kambini katika nchi jirani. Tumemwomba azungumzie siasa za nchi yake, mabadiliko ya tabianchi na uharibifu wa mazingira. Maoni mtakayosikia ni yake mwenyewe. Mwalimu, karibu sana.

MWALIMU: Asante, ndugu mtangazaji. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, ndugu zangu na vijana, nawasalimu nyote.

Hapa kambini tukianza kuzungumza siasa, mara nyingi tunataja majina ya watu. Nani yuko Kinshasa, nani ameteuliwa, kundi gani limeingia mji gani. Leo naomba tuzungumze siasa ya kitu kisichokimbia: ardhi. Viongozi hubadilika, na sisi tumehama. Milima, mito na misitu imebaki palepale. Siku ya kurudi, tutarudi kwenye ardhi hiyohiyo. Swali langu ni hili: tutaikuta katika hali gani, na nani anaamua sasa hivi iwe katika hali gani?

Nianze na Kalehe, kwa sababu wengi wenu mna ndugu kule. Alhamisi, tarehe 4 Mei 2023, ilikuwa siku ya soko Nyamukubi. Mvua kubwa ikanyesha milimani. Mito ikashuka na mawe, matope na miti, ikapita katikati ya Bushushu na Nyamukubi kando ya Ziwa Kivu. Watu zaidi ya 400 walikufa, na maelfu hawakuonekana tena. Serikali ilitangaza tarehe 8 Mei kuwa siku ya maombolezo ya taifa, bendera zikashushwa nusu mlingoti. Wiki hiyohiyo, ng'ambo ya ziwa, magharibi mwa Rwanda, mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua watu zaidi ya 130. Mvua haikuuliza mtu pasipoti wala chama.

Baada ya maafa yale nilisikia maelezo ya aina mbili. Wengine walisema ni mapenzi ya Mungu, tunyamaze. Wengine walisema ni moshi wa viwanda vya nchi tajiri, sisi hatuna la kufanya. Mungu simjadili hapa. Na kweli, nchi tajiri zimechoma makaa ya mawe na mafuta kwa zaidi ya miaka 100, dunia imepata joto, na hewa yenye joto hubeba maji mengi zaidi, kwa hiyo mvua ikija huweza kuja kwa nguvu zaidi. Wao wana deni kwetu. Lakini tukiishia hapo, tunawaachia viongozi wetu mlango wa kutokea.

Sikilizeni jambo hili. Baada ya mafuriko yale, kundi la wanasayansi wa kimataifa liitwalo World Weather Attribution lilitaka kujua mabadiliko ya tabianchi yalichangia kiasi gani. Halikuweza kutoa jibu. Kwa nini? Kwa sababu vituo vya kupima mvua katika eneo lile vilikuwa vichache mno na takwimu hazikutosha.

Ndugu zangu, kipima mvua ni chombo cha kukinga maji chenye alama za milimita, na mtu wa kukisoma kila asubuhi na kuandika daftarini. Mwalimu anaweza kufanya kazi hiyo. Mtoto wa darasa la sita anaweza. Na pale mlimani akiwepo mtu mwenye kipimo na simu, watu wa bondeni wanaweza kuambiwa: leo maji yamezidi, tokeni sokoni, pandeni juu. Nchi inayouza kobalti kuliko nchi yoyote duniani haikosi uwezo wa kununua vipima mvua. Kama havipo, kuna mtu alipanga bajeti na hakuviweka. Hapo ndipo tabianchi inapogeuka kuwa siasa.

Twende Uvira. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulivunja kingo ukaingia mitaani. Makumi ya watu walikufa na maelfu ya nyumba zilibomoka. Miaka iliyofuata Ziwa Tanganyika lenyewe likapanda, likameza mitaa ya Uvira na Kalemie, na Gatumba upande wa Burundi. Maji ya ziwa hilo yana mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Lukuga, pale Kalemie. Mlango huo ukijaa mchanga na majani, ziwa hukosa pa kupumulia. Na mchanga unatoka wapi? Unatoka kwenye milima iliyokatwa miti, mvua ikauchukua ikaushusha mitoni. Mlima ukiwa uchi kijijini kwenu, anayelipa ni jirani yako aliyejenga ufukweni, pengine katika nchi nyingine.

Hapo utaniambia: Mwalimu, mbona sisi wananchi ndio tunaokata miti? Ni kweli, tunakata. Lakini tuulize kwa nini. Katika Kongo nzima, ni karibu mtu 1 kati ya 5 mwenye umeme. Nchi ina mto Kongo na maporomoko ya Inga, ambayo yanaweza kutoa umeme wa megawati zaidi ya 40,000. Miaka inapita, hotuba zinapita, na mama wa Goma au Bukavu bado anapika kwa makaa. Sehemu kubwa ya makaa ya Goma imekuwa ikitoka katika misitu ya Virunga, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925, na watu wenye silaha wamekuwa wakitoza fedha juu ya kila gunia. Kwa hiyo gunia moja la makaa linakata mti, linalipa bunduki, na bunduki hiyo inatufukuza sisi majumbani. Tusimlaumu mama mwenye sufuria. Tumuulize mwenye mamlaka: umeme uko wapi?

(MUZIKI MFUPI)

Sasa tuje Kinshasa. Nchi yetu ina zaidi ya nusu ya msitu mkubwa wa bonde la Kongo. Katikati ya bonde hilo kuna ardhi ya mboji yenye maji. Mwaka 2017 wanasayansi walieleza kwamba mboji hiyo, katika Kongo zote mbili, imehifadhi kaboni tani karibu bilioni 30. Ikikauka au ikichimbwa, hewa hiyo chafu itapanda angani. Viongozi wetu wakienda kwenye mikutano ya dunia husema Kongo ni nchi ya suluhisho. Maneno mazuri. Lakini Julai 2022 serikali hiyohiyo iliweka mnadani vitalu 27 vya mafuta na 3 vya gesi, vingine vikigusa hifadhi ya Virunga. Oktoba 2024 mnada wa vitalu vya mafuta ukafutwa. Mwaka 2025 vikatangazwa vitalu vipya 52 katika bonde la kati.

Sisemi nchi maskini isichimbe kamwe. Ninachouliza ni haki. Mwanakijiji anayeishi juu ya kitalu aliulizwa lini? Fedha zitapita wapi? Kivu Kusini tumeona dhahabu ya Mwenga: mito imechafuka, mashamba yamegeuka mashimo, hadi Agosti 2021 serikali ya jimbo ikasimamisha makampuni kadhaa ya uchimbaji. Barua ya gavana ni hatua, lakini barua haiwezi kuusafisha mto.

Kuna sheria, nanyi mzijue. Kanuni ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 serikali kuu, asilimia 25 jimbo, asilimia 15 mamlaka ya mtaa ambako mgodi upo, na asilimia 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kampuni lazima itoe asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Katiba ya mwaka 2006, ibara ya 53, inasema kila mtu ana haki ya mazingira yenye afya na ana wajibu wa kuyatetea. Tangu mwaka 2014 jamii inaweza kuomba kumiliki msitu wake hadi hekta 50,000. Haya yamo kwenye karatasi. Karatasi bila raia wa kuidai ni ya kufungia karanga tu.

Najua kinachowauma. Mtasema: sisi ni wakimbizi, nani atatusikiliza? Katika uchaguzi wa Desemba 2023, Wakongo walioko nje walipiga kura katika nchi 5: Afrika Kusini, Ubelgiji, Ufaransa, Kanada na Marekani. Kambi zetu katika nchi jirani hazikuwemo. Tuliohamishwa na vita hatukuhesabiwa. Hilo ni kosa, na nadhani tulidai kwa amani, kwa barua, kwa sauti kama hii. Lakini kukosa karatasi ya kura hakukuondolei uraia wako. Wanaogawa vitalu na viwanja wangefurahi sana kama wenye ardhi wangesahau.

Basi tufanye nini tukiwa hapa? La kwanza, tusisahau. Mzee, mwambie mjukuu wako jina la mto wenu, jina la mlima, mpaka wa shamba ulipita wapi, na maji yalifika wapi mwaka ule wa mafuriko. Kijana, andika maneno hayo daftarini. Siku ya kurudi, daftari hilo litasaidia kujua pa kujenga na pa kuacha. La pili, tuitunze ardhi ya wenyeji wetu. Kuni tunazokata hapa ni za jirani aliyetufungulia mlango, na ugomvi mwingi kati ya kambi na vijiji huanzia kwenye kuni. Jiko la udongo linalobana moto linapunguza mzigo wa kuni na safari za hatari za mama na binti porini. La tatu, jifunzeni kazi ya miche, ya matuta na ya kuzuia mmomonyoko, popote inapofundishwa. Huo ni ujuzi utakaobeba kichwani, na hakuna kizuizi barabarani kitakachoutoza ushuru.

Mwisho, siku mgombea atakapokuja kijijini kwetu na fulana na chumvi, tupokee chumvi, kisha tumuulize maswali matatu. Mlima huu utapandwa miti na nani? Mgodi ule umelipa kiasi gani? Mvua ikizidi usiku, nani atatuamsha? Asiyekuwa na majibu, chumvi yake tumeila na kura yetu tumebaki nayo.

(MUZIKI UNAPANDA, UNASHUKA)

MTANGAZAJI: Asante sana, Mwalimu. Msikilizaji, kama mnasikiliza katika kikundi, zungumzeni haya kabla hamjaachana. Moja: nyumbani kwenu, ni uharibifu gani wa ardhi uliouona kwa macho yako, na nani angeweza kuuzuia? Mbili: hapa kambini, tunaweza kukubaliana nini na wenyeji wetu kuhusu kuni na maji? Tatu: ni jambo gani la kijiji chako ungetaka mtoto wako alijue hata kama hajawahi kufika huko? Majibu yenu mpeni kiongozi wa kikundi, nasi tutayasoma hewani. Hadi wakati mwingine, kaeni salama.

(MUZIKI WA KIPINDI. MWISHO)