Shilingi Ishirini za Bwana Hampden



Sisi tuliopita darasani tulikaririshwa majina ya wafalme wa Uingereza mpaka tukayaota. Jambo moja walimu wetu walilipita upesi: ni nani mwenye haki ya kumtoza mtu kodi, na kwa idhini ya nani. Hilo ndilo tulilokuja kulisema.

Charles wa Kwanza alishika kiti mwaka 1625. Aliamini ya kwamba amewekwa na Mungu, basi hana wa kumjibu ila Mungu. Bunge lilipombana kwa habari ya fedha, alilivunja mwaka 1629, akatawala peke yake miaka 11.

Lakini serikali haiendeshwi kwa taji. Yataka fedha. Ilikuwako desturi ya kale kwamba miji ya pwani hutoa merikebu, au fedha za merikebu, penye hatari ya vita. Mwaka 1634 Charles akaidai, hali nchi haina vita. Mwaka 1635 akaipeleka hata bara, kwa wakulima ambao pengine hawajapata kuiona bahari!

John Hampden, mwenye mashamba wa Buckinghamshire, alidaiwa shilingi 20. Alikuwa tajiri, na fedha hizo kwake si kitu. Akakataa, maana Bunge halikuzipitisha. Kesi ikasikizwa na majaji 12, ambao mfalme aliweza kuwaondoa apendapo. Mwaka 1638 majaji 7 walimpa haki mfalme. 5 wakasimama na Hampden.

Mfalme ameshinda, lakini tazameni ushindi wenyewe. Watu walipoona ya kuwa hata majaji wamegawanyika, wakaanza kuchelewesha kodi, kisha kuikataa. Waskoti nao waliasi kwa sababu ya kulazimishwa kitabu cha sala mwaka 1637. Hazina haina kitu. Mwaka 1640 Charles akalazimika kuliita Bunge, na mwaka 1641 likaiharamisha kodi ya merikebu. (Kanuni hiyo haikupanda meli pamoja na waliokuja kwetu: kodi ya kibanda ilianza Kenya mwaka 1901, na Mwafrika wa kwanza aliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1944.)

Januari 1642 Charles aliingia Bungeni na askari awakamate wajumbe watano, Hampden mmojawapo. Akakuta viti vitupu. Walikwisha kimbia kwa mashua katika mto Thames. Mwaka huo vita vikaanza. Hampden alijeruhiwa, akafa mwaka 1643. Charles alikatwa kichwa mjini London, tarehe 30 Januari 1649.

Ila tusimpambe Hampden kupita kiasi. Bunge lake lilikuwa la wenye mali. Mwaka 1647, huko Putney, wajumbe wa askari walidai kwamba hata maskini apige kura, kwa kuwa naye alimwaga damu. Ireton, mkwewe Cromwell, akawajibu kwamba asiye na mali ya kudumu katika nchi hana haki ya kuchagua watunga sheria wake. Wanaume karibu wote wa Uingereza walipata kura mwaka 1918, na wanawake kwa masharti yale yale mwaka 1928.