Matairi ya Nyuma ya Porsche 911

Gari la spoti kama Porsche 911, ambalo injini yake imekaa nyuma na katika aina zake nyingi nguvu zote hupelekwa kwenye magurudumu mawili ya nyuma, aghalabu humaliza matairi hayo upesi kuliko ya mbele. Na kwa kuwa ya nyuma ni mapana zaidi, haiwezekani kuyahamishia mbele ili yalike sawasawa, kama ifanywavyo katika teksi zetu.

Chutama basi uitazame mifereji: tairi jipya huwa na kina cha milimita 7 au 8, na sheria ya Uingereza hairuhusu chini ya 1.6; illa mimi naona kungojea kikomo hicho ni kujihatarisha bure, kwani maji ya mvua yasipopata njia ya kutokea hulinyanyua tairi likaelea juu ya lami, na mkia wa gari ukateleza kabla dereva hajawahi kugeuza usukani. Pitisha kidole hadi ukingo wa ndani, ambao haumdhihirikii mtu aliyesimama, nao mara nyingi ndio uanzao kuwa kipara. Soma kadhalika tarakimu nne za ubavuni: 2319 ni kwamba tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Badili matairi yote mawili ya nyuma kwa pamoja, ya aina moja na kwa vipimo vya mtengenezaji, fundi ayafanyie balansi. Na kwa kuwa mpira mpya huwa na utelezi wa kiwandani, kilomita za awali usikanyage mafuta kwa nguvu penye kona.