Pampu ya Petroli Katika Motokaa Kuukuu, na Faida ya Kuweka Akiba
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Mimi si fundi. Ni karani kama ninyi. Lakini nina motokaa ya Morris Minor, aina iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1948, na yaliyonipata yaweza kumfaa yeyote kati yetu atunzaye gari la kale.

Usiku mmoja nalikuwa nikimpeleka shangazi yangu hospitali ya Morogoro, naye anaumwa sana. Tulipokwisha kuipita Chalinze, mota ikakohoa mara mbili, ikazima. Nikafungua swichi nisikie mlio wa pampu, kimya. Nikachukua spana, nikaigonga pampu polepole kwa mpini wake. Ikalia tik-tik-tik, tukaenda. Nalisimama mara tatu kugonga kabla ya kufika, na kila mara shangazi aliniuliza, “Mwanangu, tutafika?”

Kwa nini pampu huamka ikigongwa? Pampu ya S.U. ya gari hilo huendeshwa kwa umeme. Ndani yake mna sumaku ya umeme, nayo huvuta kiwambo, petroli ikaja kutoka tangini. Kiwambo kikifika mwisho wa mwendo, pointi huachana, umeme hukatika, na kamani hukisukuma kiwambo kirudi, petroli ikaenda kwenye kabureta. Kisha pointi hukutana tena. Kabureta ikijaa, pampu hutulia yenyewe. Basi pointi zikiungua au zikiota kutu, umeme haupiti. Kugonga huzikutanisha kwa kitambo tu. Kugonga si dawa, ni kuomba muhula.

Sasa nitakiri kosa langu. Kwa haraka nalimwendea fundi mmoja, akaniwekea pampu ya kisasa yenye nguvu, akisema, “Mzee, hii haitakusumbua.” Waama haikunyamaza. Lakini pampu ya S.U. ya gari hili husukuma kwa kiasi cha ratili 1.5 tu kwa kila inchi ya mraba. Nyingi za kisasa husukuma kwa ratili 4 au zaidi. Sindano ya kabureta ikashindwa kuzuia, petroli ikafurika. Na katika Morris Minor kabureta imekaa juu ya bomba la moshi lililo moto! Mwanangu ndiye aliyenusa na kupiga kelele. Tulizima tukashuka wote, na kwa rehema ya Mungu hakuna aliyeungua.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla ya kununua pampu, ipimeni kwanza ya zamani. Ikiwa kimya, tazameni fyuzi, waya, na mahali umeme unaposhika bodi. Ikilia mfululizo bila kuleta petroli, huenda tangi ni tupu, au bomba linavuta hewa mahali. Ikiwa lazima kubadili, fungueni waya wa betri kwanza, wekeni chombo cha kupokea petroli, na mtu asivute sigara karibu. Chagueni pampu ya nguvu ileile. Tena angalieni kwamba gari hizi zilitoka kiwandani na upande wa chanya wa betri ukishika bodi. Pampu isiyo na pointi isiyokubali mpango huo itaharibika. Mipira ya kupitisha petroli nayo iwe ile inayostahimili petroli ya siku hizi, maana penye spiriti ndani yake mipira ya zamani huoza.

Lililobaki ni akiba. Mimi nimerudisha pampu ya S.U., nikaweka ya pili kama hiyo kando yake. Bomba la tangi limegawanyika kuziingia zote mbili, kisha yatokayo yakaungana kwenda kwenye kabureta. Kila moja ina vali zake, hivyo petroli hairudi nyuma. Swichi moja huchagua hii au ile, nami huzibadilisha kila Jumamosi. Hili msilidharau. Pampu iliyowekwa pasipo kazi hushikwa na kutu katika pointi zake, na siku ya haja itakuwa bubu kama mwenzake. Ni kama ofisi iliyo na naibu asiyepata kushika faili hata moja: mkuu akiugua, kazi husimama, ingawa viti vyote vina watu.

Wahenga walinena, akiba haiozi. Lakini akiba ya chuma huoza isipotumiwa.

Shangazi yangu alipona. Tangu siku hiyo, kila apandapo motokaa yangu hutega sikio kwanza, akisikia tik-tik, huniambia, “Haya, mwanangu, twende.”