MDUDU YUKO JUU YA JANI: JE, NDIYE ALIYELILA?



Haya ndiyo tuliyoyasema mkutanoni. Tunayabandika hapa kwa ajili ya wale ambao siku ile walikuwa wamepeleka mboga sokoni Nyandira.

Shauri lenyewe ni mbawakawa wa bustani za nyumbani. Siku hizi mtu akiona jani limetoboka, mbio ghalani kuomba bomba. Anapulizia maharage, njegere, viazi, hata mnavu wa mboga ya jioni! Dawa ni fedha. Tena mvua ikinyesha inateremka nayo mpaka mto Mgeta, na Mgeta huingia Ruvu, wanakochota maji watu wa Dar es Salaam. Na mara nyingi anayekufa si mwizi, ni askari wetu.

Mchukueni yule wa mviringo, mgongo kama bakuli lililofunikwa, mwekundu au rangi ya chungwa, ana madoa meusi. Wengi wetu tukimwona tunamfinya tu. Ngojeni kwanza, maana hao wako wa koo mbili. Wa kwanza anang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi. Huyo anakula vidukari, na watoto wake pia: weusiweusi, warefu, wana mbio kama mijusi midogo. Aachwe. Wa pili hang'ai, ana vinyweleo vifupi, utadhani amemwagiwa vumbi. Watoto wake ni wa njano, wana miiba mwili mzima, mwendo wao wa pole. Hupenda viazi, mnavu na maboga, na hukwangua jani mpaka libaki kama wavu. Huyo ndiye mwizi. Mayai yasiwadanganye: ya wote ni ya njano, yamesimama pamoja chini ya jani.

Kwenye maharage machanga yuko mwingine, mdogo kama punje ya mtama, anang'aa, rangi ya chungwa, pengine na weusi. Vitabuni anaitwa Ootheca. Hutokea ardhini mvua zikianza, akatoboa majani katikati ya mishipa. Ubaya wake mkubwa hauonekani, kwa sababu hutaga udongoni na watoto wake hula mizizi. Shina likinyauka bila sababu, ling'oeni mtazame chini. Baadaye hulala humohumo ardhini mpaka mvua nyingine. Basi ukivuna, lima mapema apigwe na jua, na msimu ujao usirudishe maharage palepale.

Yule mkubwa mweusi mwenye mikanda ya njano au myekundu anakula maua, na ua likiliwa hakuna ganda. Msimshike kwa vidole vitupu, maji yake yanatoa malengelenge. Watoto waelezwe. Lakini haki yake tumpe: wapo wa jamii yake ambao watoto wao hula mayai ya panzi.

Kutazama kwenyewe si kazi ya kisomo. Ingia bustanini alfajiri, wakati baridi yetu hii ya mlimani imewashika hawawezi kuruka upesi. Geuza majani. Tandika kanga au shika sinia chini ya shina, utikise, uhesabu walioanguka. Walaji watie kwenye maji ya sabuni. Usiku nenda na tochi, maana wapo wanaokula gizani na asubuhi hawaonekani, halafu tunamsingizia aliyekutwa.

Ukiwa na shaka, mtie mdudu kwenye chupa nyeupe pamoja na jani zima na kijiti chenye vidukari, funga mdomo kwa kitambaa. Kesho tazama kilichopungua, jani au vidukari.

Mkutano umekubaliana hivi: anayetaka bomba la ushirika alete kwanza mdudu wake ndani ya chupa, na jani aliloliharibu, tumtazame pamoja. Ghala linafunguliwa asubuhi kama kawaida. Wenye chupa tupu za kioo nyumbani wazilete, zilizopo hazitoshi.

Kamati ya Kilimo