Betri Nayo Ina Umri Wake

(Mazungumzo yetu na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Msambweni)

  

Leo twataka kuzungumza juu ya sola. Lakini hatukuja kuisifu, maana jua la Kwale mwalijua kuliko sisi. Tumekuja kuzungumza juu ya kile kisanduku kinachokaa pembeni, ambacho watu hawakitazami mpaka siku kinapokufa. Twazungumza juu ya betri.

Kwanza tukiri kosa letu

Miaka michache iliyopita tulisaidia kikundi kimoja cha akina mama, huko bara ya Kinango, kupata sola ya chumba ambamo watoto wasomea jioni. Tulinunua paneli, betri na taa nne. Siku ya kuwasha tuliomba, tukaimba, tukala wali, tukapigwa picha, tukaenda zetu.

Baada ya miaka miwili tulipita njia ile ile usiku. Paneli iko juu ya bati, safi, inang'aa kwa mbalamwezi. Ndani, watoto wamezunguka koroboi moja. Betri ilikuwa imekufa miezi saba. Tukauliza, mbona hamkununua nyingine? Mwenyekiti wao, mama mtu mzima, akatujibu kwa upole: "Mlitupa taa, lakini hamkutuambia kwamba taa ina umri."

Jamani, hatukuwa na la kujibu. Akina mama hawakukosa. Sisi ndio tuliokosa, kwa kuwa siku ile furaha ilikuwa nyingi na hesabu ikasahauliwa. Kwa hiyo haya tunayosema leo ni deni tunalolipa.

Basi jambo lenyewe ni hili: paneli nzuri yaweza kukaa miaka 20 na zaidi. Betri ya asidi, ikitunzwa vizuri, hukaa miaka 3 hadi 5. Ikitumiwa vibaya hufa hata kabla ya mwaka kwisha. Maana yake, kabla paneli moja haijazeeka mtanunua betri nne au tano. Anayehesabu bei ya siku ya kwanza peke yake, huyo bado hajahesabu.

Sola ilivyoingia kwetu Kenya

Sola si jambo la jana. Mwaka 1984 mhandisi Mmarekani Harold Burris, pamoja na mwenzake Mark Hankins aliyekuwa mwalimu wa kujitolea, walianza kuweka taa za sola katika shule ya sekondari ya Karamugi, upande wa Meru. Vijana wa hapo wakafundishwa kazi. Watu wakaona, wakataka na kwao. Katika miaka ya 1990 maelfu ya nyumba za Kenya zilinunua sola kwa pesa zao wenyewe, bila kungoja serikali. Lakini wengi walikuwa watu wa mshahara, au wa chai na kahawa. Maskini alibaki na koroboi yake. Na wengi wa wale walionunua walitumia betri za gari, zikawafia upesi.

Baadaye mlango ukafunguka kidogo. M-Pesa ilianza mwaka 2007, na tangu M-KOPA ilipoanza kuuza sola mwaka 2012, mtu wa kipato kidogo aweza kutoa amana, halafu akalipa kidogo kidogo kwa simu. Asipolipa, mtambo wajifunga wenyewe. Tena mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa mradi wa serikali uitwao KOSAP, wa kupeleka sola katika kaunti 14 ambazo umeme wa nguzo haujafika vizuri. Kwale yetu ni mojawapo.

Haya yote ni mema. Lakini hebu tupige hesabu kwa mfano. Tuseme amana ni shilingi 3,000, na kila siku walipa 50 kwa mwaka mzima. Hamsini mara siku 365 ni 18,250. Pamoja na amana ni 21,250. Je, bei ya taslimu ni ngapi? Na deni likiisha, betri ikifa, nani ataibadilisha? Yauzwa peke yake, au ni lazima ununue mtambo mzima upya? Uliza kabla ya kutia sahihi. Kuuliza si ujinga.

Tujifunze kwa pampu zetu

Wazee waliopo hapa wanakumbuka miaka ya 1980, pampu za mkono zilipoletwa huku kusini mwa pwani. Ile pampu ya Afridev ilijaribiwa hapa hapa Kwale, tena imetengenezwa ili mwanakijiji aweze kuifungua kwa vifaa vichache. Wenzetu wa KWAHO walizunguka vijijini, kamati za maji zikaundwa, akina mama wakafundishwa kubadilisha vipuri, na akiba ya matengenezo ikawekwa. Pale kamati ilipokuwa hai na akiba ipo, pampu ikiharibika ilitengenezwa. Pale akiba ilipoliwa, watu walirudi kwenye kisima cha wazi.

Betri ni kama vipuri vya pampu. Tofauti ni kwamba pampu huharibika bila kutoa taarifa, lakini kufa kwa betri twakujua tangu siku tunapoinunua. Basi kwa nini kutushtue?

Tuseme betri ni shilingi 12,000, nanyi mnataraji iwafae miaka 3. Miezi 36. Hiyo ni kama shilingi 334 kila mwezi. Kikundi chenu kina watu 20? Kila mtu atoe shilingi 17 kwa mwezi. Kumi na saba tu! Baada ya miezi 36 mna 12,240, mwanunua betri bila kumpigia mtu magoti. Ikiwa kikundi chachaji simu za watu kwa malipo, basi sehemu ya pesa hizo iingie katika akiba hiyo kabla ya kugawana faida. Mweka hazina aiandike katika ukurasa wake peke yake: "Pesa za betri". Isikopeshwe, isitumiwe kwa harusi wala matanga. Haba na haba hujaza kibaba.

Namna ya kuitunza

Moja. Betri ya gari si betri ya sola. Ya gari imetengenezwa ili itoe nguvu nyingi kwa muda mfupi, gari liwake. Ya sola yatoa pole pole usiku kucha. Mwambieni muuzaji wazi kwamba mwataka ya sola.

Mbili. Msiinyonye mpaka mwisho. Betri ya asidi ya volti 12, ikiwa imepumzika, husoma karibu 12.7 ikijaa. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Hapo punguzeni matumizi. Ikizoea kushuka chini ya 12 yajiua yenyewe. Mita ndogo ya kupimia volti ni mali ya kikundi, inunuliwe.

Tatu. Jueni kinachokula umeme. Taa tatu za wati 3 kwa saa 5 zatumia wati-saa 45. Televisheni ya wati 20 kwa saa 4 yatumia 80. Mwaona? Televisheni moja yakula karibu mara mbili ya taa zote. Masika yakishika, mwezi wa Mei, mawingu siku nzima, televisheni ipumzike ili watoto wasome.

Nne. Betri yenye vifuniko huongezwa maji ya betri peke yake, yale yanayouzwa madukani. Si maji ya kisima, hasa visima vyetu vya pwani vyenye chumvi. Wala msiongeze asidi.

Tano. Ikae juu ya ubao, penye hewa, mbali na watoto. Isilale chumba kimoja na watu, wala koroboi isisogezwe karibu, kwa kuwa ikichajiwa hutoa hewa inayoweza kulipuka. Nyie wa Gazi, Shimoni na Vanga, upepo wa bahari hula vyuma: pakeni vaselini kwenye vichwa vya betri.

Sita. Paneli isiwe chini ya mwembe wala mkorosho. Kivuli kwenye kona moja tu chaweza kupunguza umeme mwingi. Kama nyumba ni ya makuti, simamisheni mlingoti imara uani. Na kontrola isirukwe. Fundi akisema "tuunganishe moja kwa moja," mwambieni angoje.

Siku hizi ziko pia betri za lithiamu. Hazitaki maji, na aghalabu hudumu zaidi ya zile za asidi, ingawa bei yake ya kwanza huwa juu. Zataka kontrola inayofaa, na zisifunguliwe na asiyejua. Nazo pia zina umri.

Betri ikifa, isizikwe shambani

Ndani ya betri ya asidi mna risasi, nayo ni sumu, hasa kwa watoto. Haya si maneno ya mbali, ni ng'ambo ya feri tu. Kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kuanzia mwaka 2007 hadi 2014. Watu waliugua, watoto kwa wakubwa. Mama mmoja aliyefanya kazi pale, Phyllis Omido, aliona mtoto wake ameingiwa na risasi, akasimama kuwatetea wenzake. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo, mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Basi betri iliyokufa msiipasue, msimwage asidi yake karibu na kisima, msiyeyushe risasi yake jikoni kutengenezea vyuma vya nyavu. Irudisheni kwa muuzaji wakati wa kununua mpya, na mwombe awapunguzie bei.

Ndugu zetu, Wakristo twaujua mfano wa wanawali kumi. Wote kumi walikuwa na taa. Kilichowatenganisha ni akiba ya mafuta. Wale akina mama wa Kinango sasa wana betri mpya, na daftari lenye ukurasa wa betri. Tulipowatembelea mara ya mwisho walituonyesha daftari kwanza, ndipo wakawasha taa.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Betri yetu ilinunuliwa mwezi gani na mwaka gani? Nani ameandika?
2. Ikifa kesho, tuna shilingi ngapi?
3. Nani kati yetu, mwanamke na mwanamume, atafundishwa kuipima na kuitunza?