TUMALIZE TULIYOYAANZA MAJUMBANI MWETU
(Mada iliyotolewa msikitini baada ya sala ya Alasiri, Kiuyu, Pemba)



Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wazee wetu, ndugu zetu Waislamu, na akina mama mnaotusikiliza nyuma ya pazia. Leo hatuna jambo kubwa. Tutazungumza juu ya bawaba, komeo na mfuniko wa kisima. Huenda wapo watakaosema kuwa haya si maneno ya msikitini. Lakini Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alieleza kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na katika mapokeo mengine kumetajwa kushona nguo na kutengeneza viatu vyake. Ikiwa kiatu kilichokatika kilistahiki kutajwa, basi na mlango uliolegea nao unastahiki.

Tuitazame hali yetu hapa Kiuyu. Ardhi yetu ni ya mawe. Mtu akitaka kuchimba shimo la choo hupambana na jiwe kwa mtaimbo na sururu, wiki baada ya wiki, na mikono ikachubuka. Kazi hiyo tunaimaliza. Kuta tunazipandisha, paa tunaliezeka. Kisha linabaki jambo la nusu siku: kutia mlango, kuziba ufa, kupigilia ubao wa mwisho. Hilo ndilo linalolala miaka. Tunaangika gunia mahali pa mlango, na gunia linazeeka hapo hapo.

Tumelifikiria sana jambo hili, kwani la ajabu ni kuwa tunamaliza mazito na tunashindwa na mepesi. Tunavyoona sisi, sababu moja ni kuwa kazi nzito huwa na watu. Siku ya kuezeka huitwa msaragambo, jirani huja, wali hupikwa, vijana hupanda juu kwa maskhara na vicheko. Nani ameita msaragambo kwa ajili ya komeo? Hapo mtu hubaki peke yake na nyundo yake, wala hapana wa kumsifu. Sababu ya pili ni safari. Ukiingia msimu wa karafuu wengi wetu huondoka kwenda kuchuma, na wavuvi huenda dago wakakaa miezi. Kazi iliyoachwa siku moja kabla ya safari hukutwa vile vile, au imeharibika zaidi. Na ipo sababu ya tatu ambayo Waarabu wameipa jina, taswifu, kutokana na neno lao la kusema "nitafanya". Mwenye taswifu hakatai kazi. Angekataa ingekuwa afadhali, kwani watu wa nyumbani wangetafuta mtu mwingine.

Nasi hatujitoi katika hili. Choo cha nyumbani kwetu kilikaa karibu miaka miwili bila ya mlango. Mbao tulikuwa nazo, zimeegemezwa ukutani. Sisi wanaume hatukuona taabu. Mtu hukohoa, akapita. Kisha akaja mama yetu mzazi kutoka Konde kukaa nasi, katika joto la kaskazi. Tukaona hanywi maji mchana. Tukimuuliza, hujibu kuwa hana kiu. Siku ya nne mjukuu wake mdogo, bila ya kuambiwa na mtu, akatueleza: bibi hanywi maji ili asihitaji kwenda uani mpaka giza liingie.

Ndugu zetu, tunasomesha watoto mlango wa tohara kila mwaka. Tunawafundisha sitara na adabu za kuingia chooni. Na mama yetu alikuwa akikaa na kiu nyumbani mwetu kwa kukosa mbao nne na bawaba mbili.

Tulianza kazi baada ya sala ya Asubuhi, na kabla ya Adhuhuri mlango ulikuwa unafunga. Miaka miwili ya kungoja kwa kazi ya asubuhi moja! Mama hakusema neno. Aliomba maji.

Tangu hapo tumejifunza machache, na tunayatoa kama yalivyo. Kazi ya nyumbani ipewe mwisho wake kabla haijaanza. Tusiseme "tunatengeneza mlango". Tuseme mlango utakuwa umekwisha pale mtu aliye ndani atakapoweza kutia komeo. Na vile vidogo vya mwisho, yaani bawaba, komeo na misumari, vinunuliwe mwanzo, kwani fedha huishia katika mbao na vidogo husahauliwa. Hewa yetu ya bahari hula chuma upesi. Asiye na bawaba nzuri akate kipande cha mpira wa gurudumu kuukuu, akipigilie pande mbili. Hakishiki kutu na kinafanya kazi ile ile.

Saruji nayo haina subira. Mfuko wa kilo 50 ukishafunguliwa huvuta unyevu wa hewa, na huku kwetu, hasa masika, haukawii kuwa jiwe lenye umbo la mfuko. Katika nyumba ngapi jiwe hilo limekuwa kiti cha watoto pembeni mwa ua? Tupime kwanza kazi, ndipo tufungue mfuko. Na plasta ikishapigwa imwagiwe maji kwa muda wa wiki nzima, isikauke kwa jua ikapasuka.

Mfuniko wa kisima haungoji Jumamosi. Kisima kilicho wazi penye watoto hufunikwa siku hiyo hiyo, hata kwa mbao za kitanda.

Umeme ni jambo jengine. Tangu waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipofika Pemba mwaka 2010, nyumba nyingi zimeingia umeme, na nyingine zimeachwa na nyaya zinazoning'inia. Hapo tusijifanye mafundi. Aitwe mwenye ujuzi wake, na asiondoke mpaka kila ncha ya waya imefunikwa.

Tena akina mama msituachie sisi peke yetu. Nyinyi mnaofukia makumbi pwani, mkangoja miezi, kisha mkarudi kuyafukua na kuyapiga mpaka yakawa kamba, mnajua kumaliza kuliko sisi. Mkumbusheni mwenye nyumba kwa upole, lakini mkumbusheni.

Nyumbani kwetu kuna msumeno, randa na nyundo mbili. Anayevihitaji aje baada ya Alasiri siku yoyote. Msumeno tumeunoa juzi, basi atakayeuchukua aurejeshe kabla ya Ijumaa, kwa sababu yuko mzee mmoja hapa amekwisha kuuweka ahadi kwa ajili ya dirisha lake, na mbao zake amezipima leo.

Wabillahi taufiq.